Kati ya bastola za muundo wa zamani, ipi inafaa kubebwa kifichoni kila siku?

#1 Mwana Kampemba
Jambo sana ndugu zangu wa Lubumbashi na wa kwingineko. Kibali changu kimetoka baada ya kukisubiri kwa muda mrefu, na sasa nimebaki na swali la muundo tu, kwa hiyo naomba tusiingie katika habari za wapi silaha inapatikana. Dai langu ni hili: kati ya bastola zote zilizobuniwa kabla ya mwaka 1960, hakuna inayofaa kubebwa kila siku chini ya shati kuliko Browning GP (Grande Puissance) ya mwaka 1935. Inabeba risasi 13 za milimita 9, ilhali nyingi za zama zile zilibeba 7 au 8. Mshiko wake unajaa mkononi bila kuwa mnene. Na risasi zake ndizo zilizoenea duniani kuliko za bastola nyingine yoyote. Zile za plastiki, kuanzia Glock ya mwaka 1982, ninazijua, lakini sizitaki. Nataka chuma, na nataka nyundo ninayoiona kwa macho. Anayepinga alete hoja.

#2 Fundi wa Makomeno
Ndugu Kampemba, umeuliza kuhusu kubeba, kisha ukajibu kuhusu kupiga. GP ina urefu wa karibu sentimita 20 na uzito wa karibu kilo moja kabla hujatia risasi hata moja. Ni bastola ya askari mwenye mkanda mpana, iliyobuniwa ikae nje ya nguo.

Mimi naweka mezani Browning ya mwaka 1910, kazi ya mbunifu yuleyule. Urefu wake ni sentimita 15, uzito wake hauzidi gramu 600, haina nyundo ya nje wala kona ya kunasa nguo. Browning aliizungushia springi kwenye mtutu wenyewe badala ya kuilaza juu au chini yake, na hapo ndipo ulipotoka ule wembamba na ule ulaini wa slaidi, yaani kile kipande cha juu kinachorudi nyuma kila risasi inapopigwa, ambao mafundi wa nchi nyingi waliuiga baadaye. Kiwanda cha FN cha Herstal, Ubelgiji, kiliendelea kuitengeneza hadi miaka ya 1980. Kitu kisichofaa hakikai kiwandani muda wote huo. Bastola ya gramu 600 mtu ataibeba. Ile ya kilo ataiacha kabatini mwezi wa kumi, joto letu likianza kupanda.

#3 Mwalimu wa Ruashi
Naomba kurekebisha jambo moja kabla halijaota mizizi. GP si kazi ya Browning peke yake. John Moses Browning alifariki tarehe 26 Novemba 1926 akiwa kazini ndani ya kiwanda cha FN, Herstal, karibu na Liège, na aliyeimalizia bastola ile ni Mbelgiji Dieudonné Saive, ambaye pia ndiye mwenye ile magazini (kisanduku cha risasi ndani ya mshiko) ya safu mbili anayoisifu ndugu Kampemba.

Kazi yenyewe ilianza kwa sababu jeshi la Ufaransa lilitaka bastola yenye risasi nyingi, na likaweka sharti kwamba isiweze kufyatuka magazini ikiwa imetolewa. Mwishowe Wafaransa walichagua bastola nyingine, ya risasi ndefu ya milimita 7.65, na GP ikachukuliwa na Ubelgiji. Nayataja haya kwa sababu yanamhusu mbebaji wa leo: kile kizuizi cha magazini hujikwaruza kwenye magazini kila unapovuta kifyatulio, na ndicho kinachoufanya mvuto wa GP uwe mzito na wenye mikwamo. Sharti la Wafaransa wa miaka ya 1920 litakuwa chini ya kidole cha mtu wa Kampemba.

#4 Papa Kamalondo
Wanangu, nilitumikia polisi hapa mjini hadi nikastaafu, na GP niliibeba kwa miaka mingi, mara nyingi nikiwa na nguo za kiraia. Nitasema niliyoyaona.

Fundi anahesabu urefu, lakini urefu si adui wa mtu anayeficha bastola. Mtutu huingia ndani ya suruali na kulala kando ya paja, na hakuna anayeuona. Kinachoonekana ni mshiko, kwa sababu huo unabaki juu ya mkanda na kusukuma shati unapoinama kuokota kitu. Mshiko wa GP ni mrefu kwa kuwa umebeba risasi 13. Nilijifunza kuchuchumaa badala ya kuinama, na kuvaa shati pana la mikono mifupi lisiloingizwa ndani ya suruali, na watu niliofanya nao kazi raiani hawakuniuliza neno.

Ubaya wake hauko kwenye uzito. Uko kwenye kufuli ya usalama ya zile za zamani, ambayo ni kitufe kidogo na kigumu, kisichoshuka vizuri chini ya kidole gumba chenye jasho. Kwa sababu hiyo wakubwa wetu walituamuru tubebe chemba, yaani pale risasi inapokaa nyuma ya mtutu tayari kupigwa, ikiwa tupu, na slaidi ivutwe pale tu hatari inapoonekana. Amri ile ilikuwa nzuri, na bado naishika.

#5 Yaya Bel-Air
Heshima kwako, papa Kamalondo. Mimi pia ni wa kazi hiyohiyo, ingawa ni wa kizazi cha nyuma yako, na hapo kwenye chemba tupu tunaachana. Kuvuta slaidi kunataka mikono miwili. Mtu anayebeba kila siku hayuko kwenye kiwanja cha shabaha. Ameshika mkono wa mtoto, ameshika mlango wa basi, au amemshika yule anayemvamia. Hatari ikifika, mkono wa pili huwa tayari una kazi.

Kwa hiyo naona swali la kwanza si ukubwa. Swali ni hili: muundo upi unaruhusu risasi ikae ndani ya chemba bila hatari kwa mbebaji? Kati ya zile za zamani, jibu ninalolijua ni Walther PPK ya mwaka 1931. Dada yake mkubwa, PP, alitoka mwaka 1929 kwa ajili ya polisi wa sare, naye PPK akafupishwa kwa ajili ya wapelelezi waliovaa kiraia, yaani kwa kazi ileile tunayoijadili. Ukiisha kutia risasi chembani, unashusha kufuli na nyundo inaanguka bila kugusa pini inayoipiga risasi. Baadaye mvuto wa kwanza wa kifyatulio, ambao ni mrefu na mzito, unainua nyundo na kuiachia wenyewe, kwa hiyo si rahisi ifyatuke kwa bahati mbaya. Inabeba risasi 7 za 7.65, au 6 za milimita 9 fupi.

Kasoro zake ni mbili, na sizifichi. Springi yake ni ngumu kuivuta kwa mkono mdogo, na slaidi yake huwang'ata wanaume wenye mikono minene katikati ya gumba na kidole cha shahada.

#6 Kijana wa Katuba
Wakubwa, mnazunguka Ulaya nzima na mmemsahau mfalme. Jeshi la Marekani liliipokea Colt tarehe 29 Machi 1911 na kuibeba hadi mwaka 1985, ilipoipisha Beretta. Katika jaribio la mwezi huohuo ilipiga risasi 6,000 bila kukwama hata mara moja. Risasi zake zimepangwa safu moja, kwa hiyo ni nyembamba kuliko GP, na hubebwa nyundo ikiwa juu na kufuli ikiwa imefungwa, tena ina kufuli ya pili nyuma ya mshiko isiyofunguka mpaka mkono uikamate. Yaya Bel-Air anataka chemba iliyojaa. Hii ilibuniwa hivyo.

#7 Fundi wa Makomeno
Kijana, nadhani umezipenda picha zake kabla hujampenda mwenyewe! Kilo moja na gramu 100, urefu wa sentimita 21, risasi 7. Umeiondoa GP kwa sababu ya unene, ukaleta iliyo ndefu zaidi na nzito zaidi yenye karibu nusu ya risasi. Ukitaka ukoo huo, taja ile iliyofupishwa, Commander, ambayo Colt waliitoa karibu na mwaka 1950 ikiwa na fremu ya alumini na uzito wa karibu robo tatu ya kilo. Hiyo nitaisikiliza.

Kuhusu kufuli ya nyuma ya mshiko, umesema kweli, ila inazuia kifyatulio tu, haizuii pini. Colt waliongeza kizuizi cha pini mwaka 1983. Katika zile za kabla yake, bastola ikianguka juu ya saruji mtutu ukiwa chini, pini inaweza kwenda mbele kwa uzito wake yenyewe. Ni jambo la nadra, lakini mtu anayebeba kila siku ataiangusha siku moja.

#8 Muuguzi wa Likasi
Nimesoma yote kwa makini. Mnaizungumzia chemba iliyojaa kana kwamba bastola inaishi kiunoni peke yake. Katika wodi, majeraha ya bahati mbaya niliyoyahudumia yalitokea nyumbani, wakati wa kuivua, wakati wa kuisafisha, au wakati mtoto alipofungua mfuko. Muundo unaofaa kila siku ni ule unaomwonyesha mwenye nyumba, kwa kuangalia tu, kama umejaa au la. Browning ya 1910 ya fundi haina nyundo ya nje. Mtu ataijuaje kama imekokwa?

Pia tusisahau kwamba amri ya sheria ya nchi yetu ya tarehe 3 Septemba 1985 kuhusu silaha na risasi inataka kibali, na ndugu Kampemba amefanya vizuri kuanza na hilo.

#9 Yaya Bel-Air
Mama muuguzi, aksanti. PPK ina kijiti kidogo kinachochomoza juu ya nyundo risasi ikiwa chembani. Unakiona mchana, na usiku unakigusa kwa kidole. Na kwa akina mama wanaosoma uzi huu: mkoba wa mkononi si mahali pa bastola. Mkoba unaibwa, unaachwa juu ya meza, unafunguliwa na mtoto anayetafuta peremende. Kama haikai mwilini, ifungiwe.

#10 Mwana Kampemba
Nina watoto wawili na sanduku la chuma lililofungwa ukutani, kwa hiyo neno la mama muuguzi limenifikia. Hoja ya papa Kamalondo kuhusu mshiko nayo imenigusa kuliko hoja ya uzito. Lakini hamjanijibu jambo moja. Fundi na yaya wananipeleka kwenye 7.65. Je, risasi hiyo inatosha?

#11 Fundi wa Makomeno
Kwa nguvu ya mtutuni, 7.65 fupi hutoa joule 200 au chini kidogo, na milimita 9 ya GP hutoa kati ya 450 na 500. Ni zaidi ya mara mbili, sikatai.

Lakini nguvu ina gharama yake ndani ya chuma. GP na Colt zina mtutu unaojifunga na slaidi, zote mbili zinarudi nyuma pamoja kwa muda mfupi, kisha mtutu unainama na kuiachia slaidi. Katika 1910 na PPK mtutu hausogei kabisa. Kinachozuia ganda lisitoke mapema ni uzito wa slaidi na ugumu wa springi tu. Muundo huo ni mwepesi, una vipande vichache na unatengenezeka kwa urahisi, ila hauwezi kuvumilia risasi kubwa bila slaidi kuwa nzito sana. Ndiyo sababu ndogo zilibaki na risasi ndogo, na ndiyo sababu springi ya PPK inamchosha yaya. Ukitaka risasi ya GP ndani ya bastola ya zamani ya gramu 600, unadai kitu ambacho chuma cha wakati ule hakikukipa.

#12 Muuguzi wa Likasi
Kwa upande wa mwili, mahali risasi inapopita pana uzito kuliko hesabu ya joule. Nimeona 7.65 ikiua, na nimeona risasi kubwa ikipita kwenye nyama ya paja na mgonjwa akaondoka kwa miguu yake. Asiyeweza kulenga kwa bastola inayoruka mkononi kwa nguvu hatasaidiwa na ukubwa wa risasi.

#13 Mwindaji wa Kasenga
Ndugu, naingia na jambo la kweli lililonipata, kwa sababu naona 1910 inasifiwa sana. Baba aliniachia Browning ya 1910, karatasi zake zote zimekamilika. Nilipoipeleka kwenye shabaha, pini ilipiga, na risasi ikakaa kimya. Nilisubiri mtutu ukiwa umeelekezwa kwenye kichuguu, nikaitoa, nikaona fataki, ile ya kwenye kitako cha risasi inayowasha baruti, ina alama ndogo isiyo na kina. Nilipoitia risasi ileile tena ikalipuka. Jambo hilo lilijirudia kwa risasi kadhaa, ingawa si kwa zote. Nani anajua sababu? Na ikumbukwe kwamba bastola hii haina nyundo ya kuinua. Risasi ikikataa, ni lazima uvute slaidi upya.

#14 Fundi wa Makomeno
Springi ya pini. Katika 1910 pini inakokwa na springi iliyojikunja muda wote bastola ikiwa tayari. Kama baba aliihifadhi kwa miaka mingi ikiwa imekokwa, springi imefupika na haina tena nguvu ya kupasua fataki. Alama isiyo na kina ni ushahidi wake. Badilisha springi, tatizo litaisha.

#15 Papa Kamalondo
Fundi, springi ya chuma kizuri haichoki kwa kubanwa, huchoka kwa kwenda na kurudi. Nimeona magazini zilizokaa zimejaa kwa miaka zikifanya kazi bila kasoro. Mimi nasema ni grisi. Wazee wetu walipaka grisi nzito silaha waliyotaka kuihifadhi, na ikikaa muda mrefu inakauka ndani ya mfereji wa pini na kuwa kama gundi ya seremala. Pini inakwenda, lakini inafika imechoka. Mwindaji, ifungue, safisha mfereji kwa mafuta ya taa, uukaushe kabisa, usitie mafuta tena humo.

#16 Kijana wa Katuba
Na kama ni risasi zenyewe? Mwindaji hajasema ni za mwaka gani. Baadhi ya risasi za zamani zina fataki ngumu kwa sababu zilitengenezwa kwa ajili ya bunduki fupi za kijeshi, na zote huharibika zikikaa Kasenga kando ya Luapula, katika unyevu ule. Bastola hii ina historia nzuri mno kulaumiwa haraka, ndiyo 7.65 iliyomuua mrithi wa kiti cha Austria kule Sarajevo.

#17 Mwalimu wa Ruashi
Bastola aliyoitumia Gavrilo Princip tarehe 28 Juni 1914 ilikuwa kweli ya muundo wa 1910, lakini ya milimita 9 fupi, si ya 7.65. Vitabu vingi vimerudia kosa hilo, na vingine hata vimetaja muundo wa 1900. Silaha yenyewe inaonyeshwa leo katika makumbusho ya historia ya kijeshi, Vienna.

#18 Mkatanga wa Liège
Salamu kutoka kwenye mto Meuse. Neno la mwalimu linanipeleka kwenye sababu ya nne, ambayo hamjaigusa. Muundo wa 1910 ulitolewa kwa risasi mbili, 7.65 na milimita 9 fupi, na tofauti kati yake ni mtutu tu. Mtutu wa milimita 9 ukiingizwa kwenye bastola ambayo mwenyewe anaijua kama 7.65, risasi ndogo inaingia kwenye chemba kubwa na kucheza humo. Pini inaipiga ikiwa inasogea mbele, na alama inakuwa hafifu. Tena ni hatari, kwa sababu ganda linaweza kupasuka.

Soma maandishi kwenye mtutu kupitia tundu la kutolea ganda. Tafuta pia mihuri ya ukaguzi. Silaha za hapa hukaguliwa na ofisi ya majaribio ya silaha ya Liège (banc d'épreuves), iliyoanzishwa mwaka 1672, na muhuri wake mkubwa ni duara refu lenye herufi ELG. Namba za fremu, slaidi na mtutu zikitofautiana, ujue kuna mtu aliyebadilisha vipande, na bastola ya namna hiyo nisingeibeba mwilini kabla fundi hajaipima.

#19 Mwindaji wa Kasenga
Aksanti, yaya wa Liège. Nimeangalia: mtutu umeandikwa 7.65, muhuri upo, na namba zote zinafanana. Sababu ya nne haipo kwangu. Risasi ni za baba, kwa hiyo kijana wa Katuba anaweza kuwa na hoja, na grisi niliikuta kweli, ya rangi ya kahawia. Lakini nilisafisha, na bado moja ilikataa.

#20 Fundi wa Makomeno
Springi, basi.

#21 Kijana wa Katuba
Au risasi, basi! Ni za baba bado.

#22 Mwana wa Kolwezi
Nawapa kitu cha kutoka upande mwingine wa dunia. Makarov ya Urusi, iliyopokelewa mwaka 1951, imerithi mpango wa Walther anayoipenda yaya Bel-Air: mtutu usiosogea, nyundo inayoinuka kwa mvuto wa kwanza, kufuli inayoshusha nyundo. Inabeba risasi 8, ina gramu 730, na imetengenezwa kwa vipande vichache sana. Kwa vumbi letu la kiangazi naiamini kuliko zote mlizotaja. Tokarev ya 1933 sikushauri, ingawa ni nyembamba kuliko inavyoonekana, kwa sababu haina kufuli ya mkono kabisa. Ina nyundo inayoweza kusimamishwa nusu njia tu, na risasi yake ya 7.62 inakwenda kwa kasi kubwa na kupenya ukuta wa jirani.

#23 Papa Kamalondo
Makarov naiheshimu, ila ndugu Kampemba aelewe kwamba risasi yake si milimita 9 ya GP. Kichwa chake ni kinene zaidi kidogo, milimita 9.27, na ganda ni fupi. Asiyelijua hilo atanunua risasi zisizoingia.

#24 Mwalimu wa Ruashi
Nashangaa hakuna aliyetaja rivolva, wakati hoja zote za chemba, springi na fataki zinaelekea huko. Risasi ikikataa kwenye rivolva, unavuta kifyatulio tena na risasi nyingine inakuja. Hakuna kufuli ya kusahau, na hakuna magazini ya kuchoka. Colt Detective Special ya mwaka 1927 ina risasi 6 na mtutu wa sentimita 5; Smith & Wesson Chiefs Special ya mwaka 1950 ina risasi 5 na uzito wa gramu 550 hivi. Na tukitaka kubaki Liège, Léon Nagant alikuwa mtu wa huko, naye aliwapa Warusi mwaka 1895 rivolva ya risasi 7 ambayo silinda yake husogea mbele na kuziba pengo la mtutu, ingawa mvuto wake ni mzito mno kwa mkono wa kawaida.

#25 Fundi wa Makomeno
Mwalimu, silinda ndiyo unene wenyewe. Papa amesema kinachoonekana ni kile kilicho juu ya mkanda, na silinda inakaa palepale kwenye mkanda. Halafu rivolva ikichafuka au ikipata pigo kiasi cha kupoteza mpangilio wake, haitengenezwi kwa bisibisi.

#26 Yaya Bel-Air
Nakubaliana na mwalimu kuliko na fundi. Mkono wangu unaivuta rivolva bila shida, lakini slaidi ya PPK siku ya baridi ya mwezi wa sita inanipa taabu. Ningekuwa naanza leo, Chiefs Special ingekuwa mbele ya Walther yangu.

Na kuna jambo ambalo nyote mmeliruka: jasho. Chuma cha buluu cha zamani hakikupakwa kitu cha kukilinda na chumvi ya mwili. Katika miezi ya joto, ndani ya suruali, kutu inaanza upande ule unaogusa ngozi, chini ya mshiko, ambapo huoni. Ondoa vipande vya mbao mara kwa mara, futa, paka mafuta membamba. Ala iwe ya ngozi ngumu inayofunika kifyatulio chote na isiyolala bapa unapoitoa bastola, lakini usiihifadhi bastola ndani yake usiku, kwa sababu ngozi inashika unyevu.

#27 Mwana Kampemba
Nimevaa GP ya kuazima ya ndugu yangu mwenye kibali, ikiwa tupu kabisa, ndani ya nyumba tu na geti likiwa limefungwa. Papa amesema kweli kuhusu mshiko, na fundi amesema kweli kuhusu uzito, hasa ukikaa kwenye kiti cha gari. Hata hivyo, nilipoishika mkononi, hakuna nyingine iliyokaa vile. Nafikiria kubaki nayo na kubadilisha mkanda uwe mpana na mgumu, lakini chemba tupu ya papa na chemba iliyojaa ya yaya bado zinanipigania kichwani.

#28 Yaya Bel-Air
Kwa GP ya zamani, yenye kufuli ile ndogo, nitamwachia papa. Chemba iliyojaa inataka ama kufuli pana ya miundo ya baadaye, ama bastola nyingine kabisa.

#29 Papa Kamalondo
Yaya ameniachia jambo, nami nitapokea nusu yake tu. Hata kwa kufuli pana, mtu asiyefanya mazoezi ya kuishusha ataikumbuka akiwa amechelewa. Ndugu Kampemba, kwanza piga risasi nyingi kwenye kiwanja kinachoruhusiwa, kwa nguo zilezile utakazovaa mjini, ndipo urudi hapa kutuuliza kuhusu chemba.

#30 Mwindaji wa Kasenga
Nimepata risasi mpya. Katika zote nilizopiga, moja ilikataa tena, na alama yake ni hafifu vilevile. Kijana wa Katuba, hoja yako imepungua nguvu.

#31 Kijana wa Katuba
Imepungua, haijafa. Zilihifadhiwa wapi kabla hujazinunua?

#32 Fundi wa Makomeno
Mwindaji, ukipita Lubumbashi na karatasi zako, niletee springi ile pekee yake, bila bastola. Nitaipima urefu na nguvu kando ya mpya, na papa Kamalondo aje ashuhudie.